Jumamosi Utafanya Nini? Kihispania cha Wikendi kwa Mzungumzaji wa Kiswahili



Nimeombwa nizungumze juu ya kujifunza Kihispania. Mada hiyo ni pana, kwa hiyo nimechagua sehemu moja tu, ile ya kuulizana habari za wikendi: unapenda kufanya nini, Jumamosi utakwenda wapi, tukutane saa ngapi. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, hapo ndipo mazoea huanza. Ukishamweleza mgeni jina lako, unakotoka na kazi yako, maneno ya siku ya kwanza yamekwisha, na swali linalofuata, la kweli, ni *¿Qué haces los fines de semana?*, yaani mwishoni mwa wiki huwa unafanya nini. Pili, somo hili linathibitisha jambo ninaloliamini kwa dhati: mzungumzaji wa Kiswahili aanze Kihispania kwa kupitia Kiswahili. Tumezoea kukipitia Kiingereza, na kwa kufanya hivyo tunajibebesha mzigo usiokuwa wetu.

Wapo watakaouliza Kihispania kinatuhusu nini. Ni lugha ya serikali na ya maisha ya kila siku katika nchi 20, na mojawapo iko Afrika: Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania tarehe 12 Oktoba 1968. Katika Umoja wa Afrika, Kihispania na Kiswahili vyote viwili ni lugha rasmi. Mwaka 2018 Kenya ilipokea madaktari wa Cuba katika hospitali za kaunti. Wanariadha wetu nao wanaijua barabara ya Valencia, huko Hispania: marehemu Kelvin Kiptum alikimbia maratoni yake ya kwanza mjini humo, Jumapili ya tarehe 4 Desemba 2022, akamaliza kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 53. Na ninyi waongoza watalii mnajua wenyewe ni mara ngapi mnapokea familia nzima iliyotoka Madrid au Mexico, ambayo haina Kiingereza cha kutosha kueleza hata chakula inachotaka.

Sasa tusikilize mazungumzo mafupi. Vijana wawili wako Madrid, ni siku ya Alhamisi.

—*¿Qué vas a hacer el sábado?*
—*Por la mañana voy a limpiar la casa y por la tarde tengo que visitar a mi abuela. ¿Y tú?*
—*Yo quiero ir al Prado. ¿Te apetece venir?*
—*Me gustaría, pero el sábado no puedo. ¿Y el domingo?*
—*El domingo, vale. ¿A qué hora quedamos?*
—*A las cinco, en la Puerta de Goya.*
—*Perfecto. Hasta el domingo.*

Wa kwanza anauliza: Jumamosi utafanya nini? Mwenzake anajibu kwamba asubuhi atasafisha nyumba, na mchana hana budi kwenda kumwona bibi yake. Wa kwanza anasema anataka kwenda Prado, jumba kubwa la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1819, na anamkaribisha. Yule wa pili angependa, lakini Jumamosi hawezi; je, Jumapili? Jumapili sawa. Tukutane saa ngapi? Wanapatana, wanaagana.

Ni mistari saba tu, na karibu sarufi yote ya hatua ya kwanza imo humo.

Tuanze na matamshi, na hapa sitakaa sana, maana hatuna shida. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na kila moja husomeka vilevile popote ilipo, kama zetu. Neno linaloishia na irabu kwa kawaida huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyofanya sisi. Penye tofauti, mara nyingi alama juu ya irabu hukuonyesha: *sábado*. Herufi *ñ* ni *ny* yetu. Herufi *h* haitamkwi kabisa, kwa hiyo *hacer* ni "aser", na katika sehemu kubwa ya Hispania hiyo *c* husikika kama *th* ya "thelathini". Herufi *j* ni ile *kh* ya mtu wa pwani anayetamka "kheri" sawasawa. Mwanafunzi wa Tanga au Mombasa anaweza kuyasoma mazungumzo yale kwa sauti siku ya kwanza na Mhispania akamwelewa.

Tuje kwenye *vas a hacer*. Kitenzi ni *ir*, kwenda: *voy, vas, va, vamos, vais, van*. Baada yake weka *a*, kisha kitenzi cha pili bila kukinyambua. *Voy a limpiar*, nitasafisha. *Vamos a comer*, tutakula, au kwa namna ya kualika, twende tukale. Hiyo *vais* ni ya Hispania. Amerika ya Kusini na ya Kati watu husema *van*. Angalieni pia kwamba hakuna aliyesema *yo voy*. Nafsi imo ndani ya kitenzi, kama sisi tusivyolazimika kusema "mimi nitasafisha" ila tunapotaka kusisitiza. Kiambishi chetu huja mbele, chao huja nyuma, lakini kazi ni ileile. Yule kijana aliposema *Yo quiero ir al Prado* alitaja *yo* kwa sababu alikuwa akijilinganisha na mwenzake: mimi, kwa upande wangu, nataka kwenda Prado. Mwanafunzi aliyepitia Kiingereza hutia *yo* kila mahali, na maneno yake husikika kama ya mtu anayejitaja mno.

Sasa siku. *El sábado* ni Jumamosi hii, au Jumamosi moja inayojulikana. *Los sábados* ni kila Jumamosi. *El domingo voy a comer con mis padres*: Jumapili nitakula na wazazi wangu. *Los domingos como con mis padres*: Jumapili hula na wazazi wangu. Tofauti hiyo sisi tunaitia ndani ya kitenzi kwa *hu-*. Wao huiweka kwenye kile kineno kinachotangulia siku. Ukiona *los*, fikiria *hu-*. Wakatoliki waliomo humu wasipate taabu na *domingo*, maana wanasema Dominika, na Wasabato hawahitaji kufundishwa *sábado*.

Nataka tukae zaidi kwenye *me gusta*, kwa kuwa hapo ndipo vitabu vingi humchosha mwanafunzi. Kitabu kilichoandikwa kwa mtu wa Kiingereza humwambia kwamba Mhispania huligeuza jambo juu chini: kinachopendwa huwa mtenda, na anayependa huwa mtendwa. Kurasa nyingi zinatumika kumzoeza. Mwanafunzi wetu anayasoma maelezo hayo, anachanganyikiwa, kisha anasema *yo gusto la playa*, kosa ambalo lugha yake ya kwanza haikumlazimisha kulifanya. Sisi tuna kitenzi *kupendeza*. Kila siku husema "napenda", ni kweli, lakini hakuna Mswahili anayeshindwa kuelewa "ufukwe unanipendeza". Basi hiyo ndiyo *me gusta la playa*. Ufukwe ndio unaofanya kazi ya kupendeza, nami nimo ndani ya kitenzi kwa *-ni-*. Fukwe zikiwa nyingi, "fukwe zinanipendeza", nao husema *me gustan las playas*: kitenzi kimefuata wingi wa kinachopendeza, wala hakikufuata mimi. *Te gusta*, unakupendeza. *Le gusta*, unampendeza. *Nos gusta*, unatupendeza. *Me gusta leer*, kusoma kunanipendeza. Ukitaja mambo mawili ya kufanya, *me gusta leer y bailar*, Kihispania hubaki na *gusta* ya umoja, kama sisi tunavyobaki na *ku-*: kusoma na kucheza kunanipendeza. Nimewaona wanafunzi wakilishika jambo hili kwa kipindi kimoja, nami sioni sababu ya kuwazungusha.

Hilo neno *kucheza*, hata hivyo, lina mtego wa upande wetu. Sisi tunacheza mpira, tunacheza karata, tunacheza muziki. Kihispania hugawa: *jugar al fútbol*, *jugar a las cartas*, lakini kucheza muziki ni *bailar*. Na gitaa, ambalo sisi tunalipiga, wao wanaligusa: *tocar la guitarra*. Anayesema *jugar la música* hataeleweka. Mwalimu aviandike vitenzi hivyo ubaoni siku ya kwanza.

Rudini kwenye sentensi ya bibi: *tengo que visitar a mi abuela*. Hiyo *a* kabla ya *mi abuela* inafanya nini? Mtu akitembelea makumbusho husema *visitar el museo*, bila *a*. Akimtembelea mtu maalumu, lazima *a* iwepo. Hapa tena vitabu hutoa kanuni, orodha ya mambo yasiyofuata kanuni, na mazoezi. Lakini sikilizeni Kiswahili chenu. "Nitatembelea makumbusho" ni sawa. "Nitatembelea bibi" haikai sawa masikioni. Tunasema "nita*m*tembelea bibi". Sisi humtambua mtu kwa kumtia ndani ya kitenzi, wao humtambua kwa *a*. Penye *-m-* yako ya mtu unayemjua, weka *a*: *voy a ver a mi hermano*, nitamwona kaka yangu, *voy a llamar a una amiga*, nitampigia simu rafiki yangu wa kike. Si kanuni kamili kwa kila hali, lakini kwa anayeanza inamtosha kwa mwaka mzima.

Mpaka hapo Kiswahili kimetusaidia. Sasa nataja mahali ambapo kinaweza kutupoteza, napo ni kwenye saa. Vijana wetu wamepatana *a las cinco*. *Cinco* ni tano. Mwanafunzi wetu akisikia tano, anaandika saa tano. Ametokea saa tano ya mchana, saa sita kamili kabla ya mwenzake. Na si suala la kusubiri tu. Siku ya Jumapili jumba la Prado huingiwa bure kuanzia *las cinco* mpaka *las siete*, yaani saa kumi na moja jioni mpaka saa moja. Ndiyo maana vijana wamechagua saa hiyo. Aliyekuja saa tano atalipa kiingilio, na atayatazama mapicha ya mchoraji Goya peke yake.

Ninachowashauri wanafunzi ni kuutazama uso wa saa wenyewe. Mshale mfupi ukielekea namba 8, Mhispania husoma namba anayoiona, *las ocho*. Sisi husoma ile inayoikabili upande wa pili, mbili. Fanyeni zoezi hilo na saa ya ukutani hadi liwe jepesi. Kisha ongezeni sehemu ya siku, nayo ina mambo yake. *De la mañana* ni ya asubuhi, *de la tarde* ni ya mchana na jioni, *de la noche* ni ya usiku. Lakini *tarde* ya Hispania ni ndefu kupita tunavyodhani. Utamsikia mtu akisema *las ocho de la tarde*, saa ambayo sisi tunaiita saa mbili usiku, giza limeshaingia siku zote. Kwao si giza siku zote. Mwezi Juni jua la Madrid huzama baada ya saa tatu na nusu usiku, kwa kuwa nchi hiyo, tangu mwaka 1940, inafuata saa za Ulaya ya Kati ingawa kwa mahali ilipo ingestahili saa za London. Chakula cha mchana huliwa saa nane au saa tisa. Cha usiku, saa tatu au saa nne. Ukialikwa *a comer* Jumapili, usijinyime kifungua kinywa.

Tena kuna *mañana*. Ni asubuhi, na pia ni kesho. *Mañana por la mañana* ni kesho asubuhi. Kineno *la* ndicho kinachokuelekeza: *por la mañana*, wakati wa asubuhi, *mañana* peke yake, kesho.

Nakuja kwenye adabu ya kualika na kukataa, ambayo naithamini kuliko kanuni zote nilizotaja. *¿Te apetece venir?* ni namna ya Hispania ya kuuliza kama mtu anajisikia kuja. Colombia na Peru utasikia *¿Te provoca?*, na popote pale *¿Quieres venir?* itaeleweka. Sasa mtazameni aliyekataa. Hakusema *no* akanyamaza. Amesema *me gustaría*, ingenipendeza. Kisha *pero no puedo*, lakini siwezi. Na sababu alikwisha kuitaja, ni bibi yake. Halafu papo hapo akatoa siku nyingine, *¿Y el domingo?* Mtu aliyelelewa vizuri Unguja au Lamu hukataa mwaliko kwa mpango huohuo: kwanza shukrani, kisha udhuru, kisha ahadi. Mara nyingi udhuru wa Kihispania huanza na *es que*: *No puedo, es que tengo que trabajar*. Mfundisheni mwanafunzi maneno hayo mawili mapema. Na anayeaga kwa kutaja mpango wa siku zijazo, hasa Amerika ya Kusini na kwa watu wazima wa vijijini Hispania, huongeza *si Dios quiere*, Mungu akipenda. Semeni bila wasiwasi. Ni lugha ya kawaida kabisa.

Kitenzi *quedar* nacho ni cha lazima. *¿Quedamos a las cinco?* ni kupatana tukutane. Lakini *me quedo en casa* ni nabaki nyumbani. Kineno *me* kimebadilisha jambo zima, na anayekiacha anaweza kumsubirisha mwenzake mlangoni.

Kwa mtu mzima, msitumie *vas*. Sisi tuna shikamoo. Wao wana *usted*, na kitenzi huhamia nafsi ya tatu: *¿Qué va a hacer usted el sábado?* Mkiwa na kundi la wageni, *¿Qué les gustaría hacer mañana?* ni swali la heshima litakalowafaa karibu kila siku kazini. Mjini Bogotá *usted* husikika hata kati ya marafiki, kwa hiyo kuitumia hakuwezi kuwaletea lawama.

Yote haya hayana uhai bila kujua wikendi yenyewe ikoje huko. Mwanafunzi aliyekariri *ir al cine* na *ir a la playa* anaweza kufaulu mtihani, lakini Madrid haina bahari. Jumapili asubuhi watu wa huko huenda *al Rastro*, mnada mkubwa wa barabarani unaoteremka kutoka Plaza de Cascorro kwa mtaa wa Ribera de Curtidores, penye nguo, vitabu vikuukuu, fremu za picha na vyombo vya nyumbani. Inapofika saa saba au saa nane wengi husogea mitaa ya La Latina *a tomar el vermut*, kunywa kidogo na kula vitafunio wakiwa wamesimama, kabla ya kwenda kukaa mezani na familia. Bogotá ni mambo mengine: tangu mwaka 1974, siku za Jumapili na sikukuu, barabara za mji hufungwa kwa magari ili watu waendeshe baiskeli, wakimbie na kutembea, leo ni zaidi ya kilomita 120, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana. Wanaiita *ciclovía*. Kwa hiyo Mbogota akikuambia *el domingo voy a la ciclovía*, amekueleza mpango wake wote. Buenos Aires Jumapili ni *asado*, nyama ya kuchoma kwa moto wa taratibu, na anayealikwa anajua atakaa hapo mpaka jioni. Na sikukuu ikiangukia Alhamisi, Mhispania huchukua na Ijumaa akaunganisha na wikendi; husema *voy a hacer puente*, nitajenga daraja. Colombia wao wameliweka hilo katika sheria ya mwaka 1983, inayohamishia sikukuu nyingi siku ya Jumatatu.

Mwalimu akiyafundisha mambo haya pamoja na vitenzi, sentensi hupata mahali pa kusimama. *El sábado voy a correr* ni sentensi sahihi. *El domingo voy a correr en la ciclovía con mi hermana* ni sentensi ambayo mtu wa Bogotá ataijibu kwa furaha, atakuuliza unaanzia wapi, na mazungumzo yataendelea.

Ombi langu kwa walimu ni hili. Tuache kuwapa wanafunzi wetu vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya watu wa lugha nyingine, kisha tukawalaumu kwamba wanapotea. Tuandike masomo ya Kihispania kwa Kiswahili, kuanzia hili la wikendi: *me gusta* ielezwe kwa kupendeza, *los sábados* kwa *hu-*, *a mi abuela* kwa *-m-*, na picha ya saa iwekwe ukurasa wa kwanza. Aliye na masomo ya namna hiyo aliyoyatayarisha kwa darasa lake, hata kama ni kurasa tatu za kuandikwa kwa mkono, asiyaweke ndani. Ayalete tuyasome pamoja, tuyasahihishe na kuyachapa. Nanyi waongoza watalii, wageni wenu wa Kihispania wakishuka kwenye gari kesho, msingoje kitabu. Waulizeni *¿Qué les gusta hacer los fines de semana?*, na wapeni muda wajibu.